Kaka anataka roboti, daktari anasema si lazima: goti la mama tulipeleke wapi?

Shikamoo Sista,

Mimi ni binti wa mwalimu, niko Tanga. Mama yangu ana miaka 68, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu mpaka alipostaafu. Goti lake la kulia limekwisha. Daktari alituonesha picha akasema gegedu haipo tena, mfupa unasagana na mfupa. Tumepita kote: vidonge, sindano za goti, mafuta ya kuchua, mikanda, hata kukanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Sasa hivi kutoka chumbani hadi uani anashika ukuta. Usiku namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuusogeza mguu kitandani. Tangu mwaka juzi anaswali kwenye kiti, na hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote. Anasema ana hamu ya kuweka paji la uso chini.

Daktari wa mifupa tuliyemwona Dar es Salaam ameshauri abadilishiwe goti. Yeye hutumia vifaa vya kawaida, na alituambia kwa utulivu tu kwamba amefanya magoti mengi kwa njia hiyo. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi.

Tatizo lilianza nilipoandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, na ndiye anayebeba gharama. Alijibu papo hapo kwamba mama hafanyiwi kwa nyundo na msumeno karne hii. Akatuma video za hospitali moja ya India, mkono mweupe wa roboti unakata mfupa. Hospitali hiyo ikatuletea makadirio mawili: goti la kuongozwa na kompyuta, na goti la roboti. La roboti limezidi kwa fedha zinazotosha kumlipia mtu wa pili nauli na malazi ya mwezi mzima. Wametuandikia kwamba roboti haikosei, maumivu ni madogo, mgonjwa anatembea siku hiyo hiyo, na goti linakunjika kama la ujana. Kaka amesimama hapo: roboti au basi. Dada yangu wa Moshi anataka mama afanyiwe hapa hapa nchini tuweze kumuuguza. Mimi niko katikati. Nikisema Dar, kaka anaona ninamchagulia mama cha rahisi. Juzi aliniandikia, "Likiharibika utajibu wewe." Sikulala.

Kompyuta na roboti zina tofauti gani hasa? Hiyo fedha ya ziada inanunua nini? Na nikimkubali daktari wa Dar bila mashine yoyote, ninamdhulumu mama?

Sijui kama inahusu, lakini mama ana sukari, anatumia vidonge. Pia mwaka 2001 alipata ajali ya basi, paja la mguu huo huo likavunjika, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Hakijatolewa mpaka leo. Mfupa uliunga, ila paja limepinda kidogo kwa nje.

Binti wa Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa hilo neno la "utajibu wewe". Ugonjwa wa mzazi ukishaingia kwenye kundi la familia, aliye karibu na kitanda ndiye anayebebeshwa lawama, na aliye mbali anabeba hofu asiyojua aitue wapi. Kaka yako anaogopa. Ndivyo ninavyomsoma mimi.

Hujamdhulumu mama. Lakini ile aya uliyoianza kwa "sijui kama inahusu" ndiyo inayohusu kuliko zote ulizoandika, na ningependa kujua kama waliokutumia makadirio waliwahi kuuliza habari zake.

Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua hizi. Kazi yangu ilikuwa kupanga vyuma mezani na kumkabidhi daktari kimoja kimoja. Basi nikueleze kinachofanyika watu wanaposema "kubadilisha goti". Goti haling'olewi. Daktari anafungua mbele, anaisogeza pia ya goti pembeni, halafu anakata tabaka jembamba la mfupa, milimita nane mpaka kumi hivi, kwenye ncha ya mfupa wa paja na juu ya mfupa wa muundi. Ncha ya paja anaivisha kofia ya chuma yenye umbo la goti lenyewe. Juu ya muundi anaweka sahani ya chuma, na katikati yake kipande cha plastiki ngumu. Mara nyingi vyuma hivyo hushikwa kwa saruji ya mfupa, unga na maji yake, inayokorogwa pale pale mezani. Harufu yake ni kali kama ya kucha za bandia saluni, na ukishaikoroga una dakika chache tu kabla haijawa jiwe. Hapo chumba kizima hunyamaza.

Ugomvi wenu wote uko kwenye jambo moja: msumeno upite kwa pembe gani. Ukichora mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, unatakiwa upite katikati ya goti au jirani yake. Kwa miaka mingi madaktari wamelenga usipotoke zaidi ya digrii tatu. Ukipotoka sana, uzito unaegemea upande mmoja, na wasiwasi wao ni plastiki kulika na chuma kulegea mapema.

Kwa vifaa vya kawaida, daktari anatoboa tundu kwenye ncha ya mfupa wa paja, anapitisha fimbo ndefu ya chuma ndani ya uwazi wa uboho kuelekea nyonga. Kwenye fimbo hiyo anafunga kibao chenye mwanya, na msumeno unafuata mwanya. Fimbo ndiyo dira yake. Mamilioni ya magoti duniani yamebadilishwa hivyo na watu wanatembea. Kaka yako anayeikataa nyundo na msumeno ajue kwamba hata kwenye chumba chenye roboti, nyundo iko mezani na mfupa unakatwa kwa msumeno au kwa kinoleo, kile kichwa kidogo kinachozunguka na kusaga mfupa.

Sasa lifikirie paja la Mwalimu. Ule uwazi ambao fimbo inatakiwa kupita una chuma ndani yake tangu 2001. Fimbo itaingia kidogo, kisha itagonga chuma. Hata kama chuma kisingekuwepo, umesema paja limepinda, na fimbo iliyonyooka ndani ya mfupa uliopinda inaelekeza pengine. Kukitoa chuma kwanza kunawezekana, lakini baada ya miaka zaidi ya ishirini mfupa huwa umekikumbatia, na hiyo ni operesheni nyingine yenye jasho lake. Hapa ndipo mashine inapostahili fedha yake, na sababu yake haina uhusiano wowote na zile video.

Kompyuta iliingia kwenye kazi hii Januari 1997, mjini Grenoble, Ufaransa, goti zima lilipobadilishwa kwa mara ya kwanza kwa kuongozwa nayo. Daktari anachomeka vipini vyembamba viwili kwenye mfupa wa paja na viwili kwenye muundi, na juu yake anafunga vipira vidogo vinavyorudisha mwanga. Kamera imesimama pembeni inavitazama kwa mwanga usioonekana kwa macho. Kisha daktari anaushika mguu na kuuzungusha taratibu, duara baada ya duara, kama mtu anayekoroga chungu kikubwa. Kwa mizunguko hiyo kompyuta inapata katikati ya nyonga bila nyonga kufunguliwa. Halafu anagusa kwa kalamu ya chuma sehemu za goti na kifundo, na skrini inamchorea mguu. Anaposogeza kibao cha kukatia anasoma digrii na milimita pale pale. Akitaka kubadilisha anabadilisha kabla hajakata. Fimbo ndani ya mfupa haihitajiki tena. Mkono unaokata ni wake mwenyewe.

Umeona inavyolifaa paja la mama? Kompyuta inahesabu kutoka nyonga hadi goti moja kwa moja, hivyo mpindo wa katikati na chuma kilichomo haviipotezi njia. Kitu pekee ni kwamba vipini navyo lazima vipangiwe mahali pasipogongana na chuma, na hilo daktari analipanga kwenye picha kabla ya siku yenyewe.

Roboti ni kompyuta hiyo hiyo iliyoongezewa mkono. Vipini vipo, vipira vipo, kamera ipo, na wengi hawaambiwi hivyo. Wazo si geni. Mwaka 1992 huko Sacramento, California, mashine iliyoitwa ROBODOC ilimchongea mgonjwa mfupa wa nyonga. Ile ilikuwa ikishawashwa inachonga yenyewe, daktari anasimamia na kidole chake kiko kwenye kitufe cha kuzima. Nyingi za siku hizi zimepunguziwa uhuru. Mako, iliyoruhusiwa Marekani kwa goti zima mwaka 2015, inapangwa kwa picha za CT zilizopigwa kabla. Daktari anaushika msumeno uliofungwa kwenye mkono wa mashine, na akitaka kuvuka mpaka uliopangwa mkono unakataa. ROSA inamshikia daktari kibao mahali sahihi, kukata anakata yeye. CORI ni kinoleo cha kushika mkononi kinachojizuia kikitoka nje ya mpango. Hakuna hata moja inayofungua ngozi, kuamua au kushona. Kwa hiyo hilo "roboti haikosei" lipuuze: mashine inakata ilipoambiwa, na anayeiambia ni binadamu. Na kwa mama yako, aina inayotegemea picha za CT ina neno moja la kuulizia, maana chuma kilichomo mwilini huzitia ukungu picha hizo.

Fedha ya ziada, basi, inanunua mkono unaozuia msumeno usitoke kwenye mstari. Una faida? Unayo. Mipango inatimizwa kwa karibu zaidi, miguu inayotoka na pembe mbaya inapungua, na tafiti kadhaa zimeona maumivu ya siku za mwanzo yakipungua. Swali lako wewe ni jingine: mama atatembea vizuri zaidi? Goti litadumu zaidi?

Huko Seoul, daktari Young-Hoo Kim na wenzake walifanya kitu ambacho nimekipenda tangu nilipokisoma. Waliwachukua watu 520 wenye magoti mawili mabovu, wakambadilishia kila mmoja goti moja kwa kompyuta na jingine kwa vifaa vya kawaida. Mtu yule yule, uzito ule ule, ngazi zile zile. Walitoa matokeo mwaka 2012, baada ya kuwafuatilia kwa miaka kama kumi, na magoti hayakutofautiana kwa maumivu, kutembea wala kudumu. Mwaka 2020 wakatoa mengine, ya watu zaidi ya 1,400 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya ROBODOC na mkono wa kawaida. Baada ya miaka 15, magoti 98 katika kila 100 yalikuwa bado mahali pake, pande zote mbili. Roboti ile ni ya kizazi cha zamani, ni kweli, na hizi mpya bado hazijafikisha miaka hiyo. Lakini anayewaahidi miaka mingi zaidi kwa roboti mpya anauza kitu ambacho muda haujakithibitisha.

Upande wa kompyuta, daftari la taifa la viungo bandia la Australia liliwahi kuonesha faida, mwaka 2015, kwa wagonjwa wa chini ya miaka 65: baada ya miaka tisa, waliorudiwa operesheni walikuwa asilimia 6.3 kwa kompyuta na 7.8 bila kompyuta. Mama ameshavuka umri huo. Na goti bandia lenyewe hudumu kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikuta magoti kama 82 katika 100 yanafika miaka 25. Mwalimu atakuwa na miaka 93.

Ushauri wangu ni huu. Kabla mtu yeyote hajalipa hata senti, mama apigwe eksirei ndefu akiwa amesimama, inayoonesha mguu mzima kuanzia nyonga hadi kifundo, chuma chote kionekane. Eksirei ya goti peke yake haitoshi. Peleka picha hiyo kwa daktari wa Dar, umuulize kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka: "Daktari, chuma hiki utakipitaje? Umeshawahi kufanya goti lenye chuma kwenye paja, na ulitumia nini?" Zipo njia zaidi ya moja. Kuna kompyuta, kuna vifaa vidogo vya kushika mkononi vinavyopima pembe, kuna vibao vinavyochongwa kwa kufuata mfupa wa mgonjwa mwenyewe, na chuma kikiishia juu kuna fimbo fupi. Akikueleza njia yake ukaielewa, mama afanyiwe Dar, na usimwombe kaka msamaha. Akisema hapo chuma kinamsumbua, huyo ni daktari mwaminifu, na safari ya India inakuwa na sababu ya kweli.

Na kama ni India, chukueni kompyuta. Ndiyo itakayotatua shida ya paja la mama, mkono wa roboti hauongezi mengi juu yake. Nikiwa mkweli, ninajali zaidi jina la daktari kuliko jina la mashine. Ulizeni ni nani hasa atakayekata, anafanya magoti mangapi kwa mwezi, amefanya mangapi yenye chuma cha zamani, nanyi mumtumie yeye ile picha ndefu na kusubiri jibu lake. Ikitokea daktari huyo mzuri kila siku anafanya kwa roboti na bei haiachani sana, msimkatalie. Mkono uliozoea chombo chake uachwe nacho. Ninachokataa ni kuongeza fedha zote hizo kwa ajili ya video.

Ukienda mbali, hesabu na kurudi. Baada ya operesheni hii damu inaweza kuganda kwenye mguu, na kukaa kwenye ndege saa nyingi kunaongeza hatari, hivyo msikate tiketi ya kurudi kabla daktari hajatamka siku. Ombeni pia zile stika za vyuma vilivyowekwa, zenye aina na namba zake. Huwa zinabandikwa kwenye faili la mgonjwa, nanyi mrudi na nakala. Siku goti likivimba miezi mitano baadaye, daktari wa Tanzania atakayelifungua atahitaji kujua kuna nini ndani.

Kuhusu kusujudu nitakuambia ukweli hata kama mama hataupenda. Kiasi goti litakachokunja baada ya operesheni kinategemea sana lilikuwa linakunja kiasi gani kabla, kisha mazoezi. Wengi hufika digrii 110 au 120, zinazotosha ngazi, kiti na gari. Kukaa kitako cha swala na kuchuchumaa chooni kunataka zaidi ya hapo. Wapo wanaorudi kwenye mkeka, lakini wengi huendelea na kiti, na hata goti linalokunja vizuri, kulipigia magoti chini huwa kunakera kwa muda mrefu. Hakuna mashine iliyothibitika kulibadilisha hilo. Mama alisikie sasa, kwa daktari mwenyewe, akiwa bado ana nafasi ya kuuliza. Kati ya watu watano wanaobadilishiwa goti, mmoja hivi haridhiki baadaye, na sababu mojawapo ni ahadi aliyopewa na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuitoa. Msimpeleke kwa ahadi ya sijida. Mpelekeni kwa ajili ya kulala usiku na kufika uani bila ukuta, hayo yana matumaini makubwa. Na choo cha nyumbani kama ni cha kuchuchumaa, kiwekwe cha kukalia kabla hajaondoka.

Sukari ishughulikiwe leo. Apime HbA1c, kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Madaktari wengi hawataki kumkata mtu kikiwa kimevuka asilimia 8. Meno mabovu yatibiwe, mkojo upimwe. Uambukizo ndani ya goti bandia humpata kama mtu mmoja katika mia, lakini ukimpata unaweza kulazimisha vyuma vyote vitolewe, na sukari iliyopanda inaualika.

Nina kumbukumbu moja isiyonitoka. Mzee mmoja alirudi kliniki wiki ya saba. Eksirei yake ilikuwa nzuri ajabu, vyuma vimenyooka kama vimechorwa kwa rula. Goti halikunyooka. Lilikuwa limekaza katika mkunjo, naye anatembea ameinama kama anayevuka mtaro. Nikawauliza binti zake walikuwa wanamlazaje. Wakajibu kwa fahari: tangu siku ya kwanza walimwekea mto laini chini ya goti asiumie, na kila kitu walimletea kitandani. Walimpenda mno. Kile kidonda kilikuwa kimejifunga goti likiwa kwenye mto. Ilibidi arudishwe kwenye usingizi wa dawa, daktari alikunjue kwa nguvu.

Kwa hiyo mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie linyooke lenyewe. Mama asimame siku hiyo hiyo au kesho yake, akiwa na fremu ya kutembelea. Hilo hufanyika kwa njia zote tatu, si zawadi ya roboti. Dawa ya maumivu anywe nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi, maana mgonjwa anayeumia hakunji. Wiki sita za kwanza mtaalamu wa fiziotherapia amwone mara kwa mara, na siku asizokuja, wewe uhesabu naye: kunja, nyoosha, kaza paja, mara kumi kumi, asubuhi, mchana na jioni. Atalia. Atakuambia umekuwa mkali. Alikuwa mwalimu, anajua maana ya kurudia.

Kaka yako usibishane naye kuhusu teknolojia, mpe kazi. Mwandikie hivi: "Kaka, shikamoo. Mama ana chuma kwenye paja na ndicho kitakachoamua njia. Tunapiga picha ya mguu mzima, nitakutumia pamoja na majibu ya daktari wa Dar. Tukilazimika kwenda India tutachukua kompyuta, na ile tofauti ya roboti naomba ilipe mtaalamu wa mazoezi kuja nyumbani wiki sita, choo cha kukalia, na nauli yako uwepo wiki ya kwanza." Hiyo ya mwisho usiifute. Mtu aliyemwona mama yake akipiga hatua nne kwa fremu, jasho linamtoka, anajua fedha yake imeenda wapi.

Picha ikishatoka, niandikie umeambiwa nini kuhusu kile chuma. Nisalimie Mwalimu.